Maji haya yalitengenezewa nani? Historia ya vitu tunavyompangusa navyo mbwa

Mumezoea niandike juu ya mihogo, mbolea na ugonjwa wa migomba. Leo naandika juu ya mbwa, na zaidi juu ya ngozi yake. Mmoja wa promosheni yetu alinunua pakiti ya lenjeti, vile vitambaa laini vinavyouzwa vikiwa na maji tayari, juu ya kupangusa mbwa wake miguu na manyoya wakati wa matope. Akaniuliza kama ni hatari. Kwa mbele ya pakiti kuko picha ya mbwa mwenye furaha. Mimi nikaomba picha ya upande wa nyuma, fasi wanaandika kwa herufi ndogo ndogo vitu vilivyo ndani.

Nilisoma yale majina moja moja. Karibu kila moja lilikuwa na maisha fasi ingine kabla ya kufika kwenye mwili wa mbwa: chooni, hospitalini, kwenye zizi la kondoo, kwenye meza ya restora, kwenye matako ya mtoto. Njo jambo nataka kuonyesha. Mbwa ameishi na mwanadamu kwa miaka maelfu, lakini vitu vya kumsafisha ni mara chache sana vimetengenezwa kwa kumfikiria yeye kwanza. Mara nyingi alipewa kile mwanadamu alichojitengenezea, ao kile alichotengenezea nyama ingine.

Najua kuko wenye watasema: nchi iko na vita, watu wako wanatafuta maji na madumu, na weye lisansie unaandika juu ya kupangusa imbwa? Ndiyo, naandika. Kwanza, mbwa wa kwetu haishi mbali na sisi. Analala mlangoni, watoto wanamshika, halafu wanakula mkate kwa mikono ileile. Kile unachompakaa mbwa asubuhi kinaweza kuwa mdomoni mwa mtoto wako saa sita. Pili, tujue kazi yetu. Kwenye mtaa ambao muganga wa wanyama ni mmoja kwa avenue mingi, ao hayuko kabisa, jirani haulizi kama ulisoma fitotekni ao zootekni. Anasema, "weye agronome, hii ngozi ya imbwa yangu tuifanyie nini?" Na jibu utakalotoa litapakwa kwenye ngozi jioni ileile.

Tuanze na mbwa wa kwetu, kabla ya sabuni. Ulaya na Marekani wanamjua kwa jina la Basenji. Ni mbwa mdogo wa kuwinda kutoka misitu ya Kongo, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja. Jina lenyewe linabeba dharau: basenji njo vile wakoloni na watu wao walivyoita watu wa vijijini, na mbwa wao wakaitwa hivyohivyo. Mbwa huyu habweki kama wengine, anatoa sauti ya kuimbaimba. Njo maana wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi ndani ya msitu. Kengele hizo ziko mpaka leo ndani ya makumbusho za Ulaya.

Mwaka 1895 mbwa wa namna hii walionyeshwa Uingereza kwenye maonyesho ya Crufts, watu wakawashangaa, na hawakuchukua muda wakafa kwa ugonjwa wa Carré, juu hawakuwa na kinga ya magonjwa ya kule. Ilipaswa kungoja miaka ya 1930, wakati Mwingereza Olivia Burn alipoleta wengine, na mwaka 1937 watu wakajaa Crufts kuwaona. Waliowafuga waliandika jambo moja lililowashangaza: mbwa huyu hanuki. Anajilamba mwili mzima sawa paka, anajisafisha miguu, anajisafisha kifua.

Mushike hiyo ya kujilamba, juu itarudi tena na tena. Ulimi njo lenjeti ya kwanza ya mbwa. Na maana yake ni kwamba hakuna kitu cha "nje tu" kwa mbwa. Ukimpakaa dawa kwenye mguu, hesabu umempa aikunywe. Mwanadamu akinawa kwa dawa kali, anasuuza mikono, anaendelea. Mbwa anamalizia kazi kwa mdomo.

Sasa sabuni. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya Uingereza, watu wenye pesa walianza kununua vitu vya mbwa dukani. Mmarekani James Spratt alikuwa ameanza pale London, miaka ya 1860, kuuza biskuti za mbwa, na kampuni yake ikaendelea mpaka kuuza sabuni ya mbwa. Hapo tunaona soko la mbwa linazaliwa. Lakini sabuni ya wakati ule, ya mbwa ao ya mtu, ilikuwa kitu kimoja katika kemia: mafuta na magadi makali. Sabuni ya namna hiyo iko na pH ya 9 ao 10.

Kuhusu mafuta yenyewe, sisi Wakongomani tuko ndani ya historia hiyo kwa mlango mubaya. Mwaka 1911 William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya ngazi katika Kongo. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge. Lusanga, kule Kwilu, ikageuzwa jina kuwa Leverville. Watu walilazimishwa kupanda miti na kukata ngazi, na mwaka 1931 Wapende walipoasi, jeshi la koloni liliua mamia ya watu. Siandiki haya kwa kupamba tu. Nataka tujue kwamba usafi wa nyumba za Ulaya, pamoja na mbwa wao, ulikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ililipwa Kwilu.

Kampuni ileile ya Lever, katika miaka ya 1890, ilikuwa imeleta sabuni nyekundu ya Lifebuoy, yenye asidi ya kaboliki. Na hapa tunaingia kwenye mlango wa pili, ule wa hospitali na choo. Asidi ya kaboliki, ao fenoli, inatoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1865 muganga Joseph Lister, kule Glasgow, aliitumia kwenye kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu, kidonda hakikuoza. Ilikuwa hatua kubwa kabisa katika upasuaji, hakuna wa kubisha. Lakini baada ya pale watu wakashika imani moja: harufu kali ya dawa ni harufu ya usafi. Mwaka 1877 John Jeyes, Mwingereza vilevile, alipata hati ya maji yake meusi ya kuua vijidudu, yanayogeuka meupe sawa maziwa ukiyatia ndani ya maji.

Wenye kufuga nguruwe mumeshayatambua. Ni ndugu ya krezili yetu. Krezili ni ya sakafu ya zizi, ya choo, ya mifereji. Kazi yake inaifanya vizuri. Lakini ni nani hapa hajaona mtu anamuogesha mbwa kwa krezili juu ya viroboto? Fenoli na ndugu zake krezoli zinapita kwenye ngozi, hazingojei kidonda. Zinachoma tumbo na vidole, na mbwa akijilamba zinachoma mdomo na koo. Kwa paka ni mubaya zaidi: ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuzigeuza na kuzitoa mwilini. Ile dawa ingine ya Uingereza ya miaka ya 1930, Dettol, nayo iko katika ukoo huohuo wa fenoli, na inageuka nyeupe vilevile ndani ya maji. Tunaiamini juu mama zetu walituogesha nayo. Imani hiyo haihamii kwa mbwa, na kwa paka ni hatari kabisa.

Javel nayo nisiiruke. Jina linatoka Javel, kijiji cha zamani kilichomezwa na mji wa Paris, fasi Claude Louis Berthollet na wenzake walipoitengeneza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kung'arisha vitambaa. Vitambaa! Leo kuko mtu anapangusa nayo miguu ya mbwa baada ya kutembea, eti inaua mikrobe. Nguo haina neva wala ulimi.

Mlango wa tatu ni wa wadudu, na hapa agronomia inaingia yenyewe. Wafugaji wa kondoo wa Uingereza, tangu katikati ya karne ya 19, walichovya kondoo ndani ya maji yenye arseniki. Baadaye ng'ombe wa Afrika ya Kusini na kwingine wakachovywa vilevile juu ya kupe. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller akagundua kwamba DDT inaua wadudu, akapata Nobel mwaka 1948, na ule unga ukapakwa kila fasi, mpaka kwenye manyoya ya mbwa na nywele za watoto. Baadaye ikajulikana kwamba hautoki mwilini, unakaa ndani ya mafuta, unapanda kutoka samaki mpaka ndege.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na ua. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa njano, lilitoka Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. (Ndiyo, fasi ileile iliyompa jina mbwa mwenye madoa meusi. Historia iko na utani wake.) Katika miaka ya 1930 walowezi wa Kibelgiji walilipanda kwenye vilima vya Kivu, na wenzetu wa Rwanda na Kenya walilipata katika kipindi hichohicho cha koloni. Pareto linataka baridi ya mlima. Huku kwetu karibu na ikweta, chini ya mita 1,800 halikupi kitu cha maana. Wazee wa milimani wanakumbuka kazi ya kuchuma: maua mengi sana kwa kilo moja, mgongo umeinama, halafu kuyakausha. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walikuwa wameshaonyesha vile molekuli zake zilivyo. Zinashika neva ya kiroboto zisiiachilie mpaka afe, lakini jua linaziharibu haraka, na mbwa anaweza kuzivunja mwilini bila shida kubwa zikiwa kidogo.

Basi ua la kwetu lilikuwa karibu kabisa na kitu tunachotafuta. Tatizo lake lilikuwa lile jua. Mkulima na muuzaji walitaka dawa inayokaa. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, kwenye kituo cha Rothamsted kule Uingereza, walitangaza permetrini, mtoto wa pareto aliyetengenezwa maabarani, ambaye jua halimuwezi. Ilikuwa kazi nzuri kwa mashamba na kwa vyandarua. Lakini permetrini ya nguvu iliyotengenezwa kwa mbwa inaua paka. Paka anaanza kutetemeka, anaanguka, anapigwa na kifafa. Wakati mwingine hakupakwa hata tone: alilala tu pembeni ya mbwa aliyepakwa. Kwa hiyo, kama kwenye lenjeti za mbwa kumeandikwa kwamba zinafukuza viroboto na kupe, na nyumba yako iko na paka, tafuta kwanza hilo neno permetrini kwa upande wa nyuma. Ukilikuta, ziache dukani.

Tumefika kwenye lenjeti yenyewe. Haikuzaliwa kwa mtoto, wala kwa mgonjwa. Ilizaliwa kwa kuku wa kukaanga. Mmarekani Arthur Julius, aliyefanya kazi katika mambo ya vipodozi, mwaka 1957 alinunua mashine iliyokuwa ya kupima supu kwa kila mtu, akaigeuza ijaze karatasi zenye maji ndani ya vipakiti. Mwaka 1958 akaandikisha jina Wet-Nap. Mwaka 1963 akapatana na Colonel Sanders, mwenye Kentucky Fried Chicken, wateja wapate kujipangusa mafuta vidoleni. Baadaye zikaja za watoto wachanga, na kutoka hapo hatua ya kwenda kwa mbwa ilikuwa fupi: badilisha picha, badilisha harufu, pandisha bei.

Natia chumvi kidogo, kuko kampuni zinazofanya kazi yao vizuri. Lakini angalia tofauti za ngozi. Ngozi ya juu ya mwanadamu iko na tabaka za seli 10 mpaka 15 ao zaidi. Ya mbwa, fasi zenye manyoya, ni 3 mpaka 5. Manyoya njo ukuta wake. Ukipenya manyoya, ulinzi uliobaki ni mwembamba sana. Na pH: ngozi yetu iko karibu na 5, ngozi ya mbwa inakaribia 7, ingawa inabadilika kwa ukoo wa mbwa na sehemu ya mwili. Lenjeti ya mtoto inatengenezwa kwa asidi ya ngozi ya mtoto. Ukimpangusa mbwa nayo mara moja kwa dharura, na haina harufu, hatakufa. Ukifanya hivyo kila siku, unasumbua nyumba ya bakteria na kuvu wanaoishi pale kwa amani, na wale wa fujo wanapata nafasi. Mbwa anaanza kujikuna, unampangusa zaidi, anajikuna zaidi.

Tuseme sasa jambo ambalo mwanafunzi wa mikrobiolojia analijua tangu mwaka wa kwanza. Kitambaa chenye maji, kilichofungwa ndani ya plastiki, kwenye joto, ni shamba. Bila dawa ya kuzuia kuoza, baada ya wiki chache utafungua pakiti ukute madoa meusi. Kwa hiyo kila lenjeti lazima iwe na kinga fulani ndani, hata ile iliyoandikwa "ya asili". Kwa miaka mingi kinga hiyo ilikuwa parabeni. Kuanzia 2004 watu wengi wakaanza kuogopa parabeni, na viwanda vikatafuta kitu kingine. Ulaya ilikuwa tayari na mchanganyiko wa aina ya isotiazolinoni. Mwaka 2005 ikaruhusu metilisotiazolinoni itumike peke yake katika vipodozi, mpaka sehemu 100 kwa milioni.

Kilichofuata kinapaswa kufundishwa. Waganga wa ngozi wakaanza kupokea watu wenye mikono iliyopasuka, na watoto wenye wekundu kuzunguka mdomo na matakoni. Wazazi walikuwa wanatumia lenjeti, wengine mara 10 kwa siku. Mwaka 2013 chama cha waganga wa mizio ya ngozi cha Marekani kikaitangaza metilisotiazolinoni kuwa mzio wa mwaka. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukaikataza katika vipodozi vyote vinavyobaki kwenye ngozi bila kusuuzwa, na lenjeti ni katika hivyo. Miaka 12 kutoka ruhusa mpaka katazo. Kwa sheria, hiyo ni mbio.

Lakini katazo hilo linamhusu nani? Sheria ya vipodozi ya Ulaya, namba 1223 ya mwaka 2009, inaeleza tangu mwanzo kwamba kipodozi ni kitu cha kupakwa kwenye mwili wa mwanadamu. Mwanadamu, basi. Mbwa hayuko ndani ya maneno hayo. Marekani nako, kitu cha kusafisha ao kupendezesha nyama, kisichodai kutibu, hakiko chini ya ukaguzi wa shirika lao la chakula na dawa. Ile dawa iliyofukuzwa kwenye matako ya mtoto haikufukuzwa na sheria hiyo kwenye tumbo la mbwa. Na bidhaa zinazofika kwetu zinapitia Dubai, Guangzhou, Kampala, Kigali, kila pakiti na lugha yake. Pakiti iko na picha ya mbwa, unadhani kuna mtu fulani aliyekaa mezani akahakikisha. Kwa kadiri ya sheria hizo mbili nilizotaja, picha ni picha tu.

Kwa hiyo tunarudi kwa macho yetu wenyewe na upande wa nyuma wa pakiti. Kama hakuna orodha ya vilivyo ndani, rudisha pakiti kwenye étagère, hata ikiwa bei ni ya urafiki. Ukiona neno refu linalomalizika na "thiazolinone", acha. Pombe, yaani ethanoli ao izopropanoli, inakausha na kuchoma. Mafuta ya mti wa chai yanapendwa na watu wa "bio", lakini yamelewesha mbwa na paka mpaka wakatetemeka na kushindwa kusimama. Neno la mti halifanyi kitu kuwa salama, hata mkwamba na tumbaku ni mimea. Ksilitoli, sukari ya chingamu, inawekwa katika vitu vya kinywa na meno: kwa mbwa inaangusha sukari ya damu haraka na inaweza kuharibu ini. Benzalkoniamu, iliyoelezwa na Mjerumani Gerhard Domagk mwaka 1935, kidogo sana inaweza kuwa kinga ya pakiti, lakini ikiwa nyingi inachoma ulimi, na paka ndiye anaumia zaidi. Na harufu. Harufu ya maua, ya vanila, ya mtoto, yote ni kwa pua ya mnunuzi. Mbwa anayenusa mara elfu zaidi yetu hakuiomba.

Kuko dawa moja ambayo, mimi binafsi, naiheshimu katika orodha hizo: klorheksidini. Ilitoka kwenye maabara za kampuni ya ICI kule Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaingia hospitalini, na waganga wa wanyama wakaipima kwa mbwa kweli kweli. Lenjeti zenye asilimia 2 mpaka 4, mara nyingine pamoja na mikonazoli, zinasaidia mbwa mwenye kuvu ao bakteria kwenye mikunjo ya ngozi na katikati ya vidole. Hata hivyo ni dawa, si ya kupendezesha. Inaharibu jicho ikiingia, na ndani ya sikio inaweza kuua kusikia. Itumiwe na mwenye ugonjwa unaojulikana, kwa siku zilizosemwa.

Na mwenye hana pesa ya pakiti? Hapa niko na furaha kidogo, juu jibu la bei ya chini njo jibu bora kwa kazi ya kila siku. Chukua kitambaa cha pamba, fulana ya zamani inatosha, iliyofuliwa na kusuuzwa mpaka sabuni imeisha. Chemsha maji, yaache yapoe. Matope na vumbi vinatoka kwa maji hayo peke yake. Kwa mkwaruzo mdogo ao uchafu pembeni ya jicho, tia gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa; ni kadiri ileile ya serumu ya hospitali. Tumia siku hiyohiyo, kinachobaki mwaga, juu maji yako hayana kinga ile tuliyosema. Anza kichwani uende mkiani, kwa kufuata manyoya, na sehemu za chini ya mkia mwisho, na kitambaa kingine.

Kwa lenjeti mpya yoyote, hata ya bei kubwa, pangusa kwanza fasi ndogo ndani ya paja, ungoje siku moja. Ngozi ikiwa nyekundu, ao mbwa akilambalamba pale bila kuacha, umepata jibu bila kutia mwili mzima hatarini.

Neno juu ya upele. Kuko watu, na wengine wako na diploma, wanaompakaa mbwa mwenye upele oili iliyotolewa kwenye motari. Oili hiyo iko na metali na mabaki ya kuungua kwa mafuta, inapita kwenye ngozi, mbwa anailamba, na mtoto anaishika. Upele uko na dawa ya kweli, hata sindano, na hakuna kitambaa duniani kinachoutibu, kikavu ao chenye maji. Kupe naye hapanguswi. Anashikwa karibu kabisa na ngozi, kwa kibano ao kwa vidole vyenye glavu, anavutwa polepole bila kumfinya tumbo, kisha unaua, unanawa.

Ukimaliza kumpangusa, kausha. Hasa katikati ya vidole na chini ya masikio yanayolala, juu unyevu unaobaki pale njo mwanzo wa ile kuvu. Kitambaa kikavu, dakika tano, na mbwa ajilambe vile anataka.